Paka wa miaka 14, figo zimechoka, bajeti elfu sitini kwa mwezi: nianzie wapi?

Bi_Chumbageni, Tanga

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua paka wazee.

Paka jike, amefungwa kizazi, miaka 14. Uzito ni kilo 3.4, mwaka jana alikuwa 4.2. Anakunywa maji kupita kiasi, beseni lake la mchanga linalowa kuliko zamani, na anatapika povu jeupe asubuhi mara mbili tatu kwa wiki. Nikimsogezea chakula analamba midomo, ananusa, kisha anageuka. Daktari wa mifugo alimtoa damu ikapimwa maabara ya watu: kreatinini, ile taka ya damu inayochujwa na figo, ni 318 mikromoli kwa lita, urea imepanda. Kijiti cha mkojo kimeonyesha sukari hakuna, protini alama moja. Moyo daktari aliusikiliza, hakusikia kasoro. Presha haijapimwa, kifaa hakipo.

Ameandikiwa chakula maalumu cha figo na dripu ya chini ya ngozi mara tatu kwa wiki. Chakula hicho hapa sikioni, na kuagiza Dar kunanishinda. Kwenda kliniki mara tatu kwa wiki nako nauli na ada vinamaliza kila kitu. Uwezo wangu ni shilingi elfu sitini kwa mwezi, basi.

Ninachouliza: pesa hiyo iende wapi kwanza? Dripu inawezekana nyumbani? Nimpikie nini? Majirani wanasema nimpe maziwa na madafu apate nguvu, na famasi wameniambia robo ya Panadol itamtuliza. Bado sijampa chochote.

---

Daktari_wa_Zamu

Dada, la kwanza kabla ya yote: usimpe Panadol, hata chembe. Nitawaachia wengine walieleze hilo kwa kirefu, lakini lisisubiri.

Sasa hiyo 318. Kwa paka, madaktari hugawa ugonjwa sugu wa figo kwa hatua nne kufuata kreatinini: chini ya 140 ni hatua ya kwanza, 140 hadi 250 ya pili, 251 hadi 440 ya tatu, zaidi ya 440 ya nne. Wako yuko hatua ya tatu, si mwisho wa safari. Tahadhari moja: namba hiyo husomwa vizuri paka akiwa na maji ya kutosha mwilini. Kama siku ya kutolewa damu alikuwa amekauka, sehemu ya hiyo 318 ni ukavu tu, na itashuka akipata dripu wiki mbili tatu. Ndiyo maana kipimo cha pili kina thamani kuliko dawa nyingi utakazouziwa.

Maabara ya watu kwa kreatinini, urea, fosforasi na potasiamu haina shida, kemia ni ileile. Picha kamili ya damu ndiyo usiilipie huko. Chembe nyekundu za paka ni ndogo kuliko za binadamu na mashine iliyopangwa kwa watu huzihesabu vibaya. Kwenye kijiti cha mkojo, sukari na protini zinaaminika kiasi, lakini kile kisanduku cha uzito wa mkojo na cha chembe nyeupe vipuuze kwa paka. Uzito wa mkojo hupimwa kwa kioo maalumu, tone moja tu linatosha. Muulize daktari wako kama anacho, maana mkojo mwepesi chini ya 1.035 pamoja na kreatinini ya juu ndio unaofunga mjadala kwamba ni figo.

Mpangilio wa pesa, kwa maoni yangu: maji kwanza, kichefuchefu pili, chakula cha aina yoyote anachokubali tatu, fosforasi nne. Chakula maalumu cha figo kina ushahidi mzuri, sikatai, lakini paka asiyekula hafaidiki na chakula kilichoachwa bakulini. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba, na hilo huua haraka kuliko figo zenyewe.

Hiyo dalili ya kulamba midomo na kugeuka ni kichefuchefu, wala hadeki. Mwombe daktari wako akuandikie ondansetroni ya kawaida ya famasi ya watu. Kidonge cha miligramu 4 kikikatwa nusu ni dozi ya paka wa uzito huo, mara mbili kwa siku, na yeye ndiye athibitishe. Mpe nusu saa kabla ya chakula. Kama hamu haijarudi, kuna mirtazapini: kidonge cha miligramu 15 hukatwa vipande vinane, kipande kimoja kila baada ya saa 48. Ukizidisha paka hulia usiku kucha, hutetemeka na kuzunguka bila kutulia. Ukiona hivyo usirudie dozi, mpigie daktari.

Presha itafutiwe njia hata kama ni safari moja tu. Figo zikichoka presha hupanda, na presha ikipanda macho hupasuka kwa ndani. Kila siku mwangalie mchana kwenye mwanga: mboni zikibaki pana wakati jua liko dirishani, au akianza kugonga miguu ya viti, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Dawa yake, amlodipini, ni ya bei ndogo. Tafuta kidonge cha miligramu 2.5, robo yake ni 0.625, ndiyo dozi ya kuanzia kwa paka kwa siku. Cha miligramu 5 kukigawa mara nane ni kubahatisha, vipande havitoki sawa. Lakini usianze bila kipimo cha presha.

---

Sindano_ya_Kijani

Dripu nyumbani inawezekana kabisa, na hapo ndipo utakapookoa pesa nyingi kuliko kokote. Mwombe daktari akuelekeze mara moja mbele ya macho yako, wewe ushike sindano yeye akitazama. Mwombe pia akuandikie kiasi. Kwa paka wa kilo 3.4 kiasi cha kawaida cha kuanzia ni mililita 75 hadi 100 kwa mkupuo mmoja, mara tatu kwa wiki au siku moja ndiyo moja hapana.

Nunua Ringer's Lactate ya mililita 500, mpira wa dripu mmoja kwa kila chupa, na sindano za namba 21, zile zenye kitako cha kijani. Namba 20 ya njano inapitisha maji haraka zaidi, paka akivumilia itumie. Namba 23 ya bluu ni nyembamba mno, utakaa robo saa na paka atachoka kabla ya chupa. Soma lebo mara mbili: dripu yenye dekstrosi, iwe asilimia 5 au ile ya mchanganyiko wa chumvi na sukari, haiingizwi chini ya ngozi. Inauma, inavuta maji kuyatoa mwilini badala ya kuyaingiza, na ni rahisi kuota usaha.

Utaratibu wenyewe:

Nawa mikono. Ishike chupa kwenye mwanga, ukiona ukungu au kitu kinaelea, tupa. Bandika plasta ubavuni mwa chupa, chora mstari maji yalipo na mstari wa pili yatakapofika ukimaliza, kwa sababu ukishamshika paka hutapata nafasi ya kupiga hesabu. Iloweke chupa kwenye beseni la maji ya moto ya kuogea, dakika kumi. Dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono: usisikie baridi wala joto. Maji ya baridi ndiyo sababu kubwa ya paka kukimbia, na watu hudhani ni sindano.

Tundika chupa kwenye msumari au dirisha, kama mita moja juu ya paka. Fungua kidhibiti maji yapite hadi hewa iishe mpirani, funga. Vika sindano mpya. Muweke paka juu ya taulo, akutazamishe mgongo. Shika ngozi kati ya mabega, inua kama hema, ingiza sindano chini ya hema hilo, tundu la ncha likitazama juu, ikilala sambamba na uti wa mgongo na si kuelekea chini. Achia ngozi, fungua kidhibiti. Mililita 100 huingia ndani ya dakika tano hadi kumi.

Manyoya yakilowa, sindano imetokea upande wa pili, irudishe nyuma kidogo. Maji yasipotembea, ncha imegusa ngozi au misuli: izungushe taratibu, au ivute milimita mbili. Ukimaliza funga kidhibiti kwanza, ndipo utoe sindano, kisha bana tundu kwa vidole dakika moja. Matone mawili ya rangi ya waridi si tatizo.

Utaona nundu, na baada ya saa chache itashuka begani au hadi mguu wa mbele. Hiyo ni kawaida. Inatakiwa iwe imenywewa ndani ya saa 24. Kama bado ipo unapotaka kumpa tena, usimpe, mwili hauyapokei, mpigie daktari. Nundu ya moto inayouma ni jipu.

Kitu cha hatari zaidi ni maji kuzidi, hasa kwa paka mwenye moyo mgonjwa ambao haukujulikana, maana moyo wa paka unaweza kuumwa bila kutoa sauti yoyote kwenye kipimo cha daktari. Kila siku akiwa amelala fofofo hesabu pumzi kwa dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka ni moja. Chini ya 30 endelea. Zikizidi 30 siku hiyo hakuna dripu, na kama anahema kwa mdomo nenda kliniki papo hapo.

Sindano ni mpya kila mara, hata kama iliyotumika inaonekana safi. Ncha hujikunja baada ya kupenya mara ya kwanza na ngozi ya mzee huisikia. Chupa iliyofunguliwa iwekwe kwenye friji na mpira wake ukiwa umechomekwa, kofia safi mwishoni, itumike ndani ya wiki moja. Kwa mililita 100 mara tatu kwa wiki, utamaliza 300 na kumwaga zilizobaki. Zimwage tu, usizionee huruma. Sindano zilizotumika zikae kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, ikijaa ipeleke kliniki, usiitupe jalalani wanakookota watoto.

---

Jiko_la_Nyau

Nichukue upande wa chakula.

Kilo 3.4 anahitaji karibu kalori 170 kwa siku. Kipimo kinachokaribia hapo: gramu 60 za nyama ya paja la kuku iliyoiva, bila ngozi wala mfupa, ute wa yai moja uliochemka, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula. Chemsha nyama kwenye maji mengi bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila mchuzi wa vipande, na maji yale umwage, kwa sababu sehemu ya fosforasi hutoka humo. Vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za paka, na figo mbovu tayari zinampunguzia damu.

Nasisitiza ute kwa sababu ni protini safi yenye fosforasi kidogo mno, kama miligramu 15 kwa gramu 100. Kiini ni karibu 390. Kwa hiyo yai zima si sawa na ute. Upike uive, ute mbichi huzuia vitamini mojawapo isifyonzwe.

Nyama tupu haina kalisi ya kutosha. Osha maganda ya mayai, yachemshe dakika kumi, yakaushe, yasage yawe unga laini kabisa. Weka moja ya nane ya kijiko cha chai kwa kila gramu 100 za nyama. Kalisi hiyo hiyo hushika fosforasi tumboni isiingie kwenye damu, mradi ichanganywe na chakula chenyewe, ukimpa pembeni haina kazi. Ukirudia vipimo vya damu ongeza kalisi kwenye orodha, maana ikizidi nayo huumiza figo.

Dagaa ndiyo tatizo la pwani yetu. Wa baharini huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na paka anawala na mifupa yote, yaani chumvi na fosforasi kwa pamoja. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, usimguse nayo. Miguu, vichwa na shingo za kuku zina hesabu ileile ya mifupa. Lakini kama kuna siku hali kitu kingine chochote, unga kidogo wa dagaa uliochujwa kwa maji moto, ukanyunyizwa juu ya kuku, utamvuta. Kibua kilichochemshwa na kutolewa miba kinafaa mara moja moja. Samaki mbichi hapana.

Chakula hiki si kamili kwa miezi. Kinapungukiwa taurini, ambayo paka asipoipata moyo na macho huharibika, na kuchemsha huipunguza zaidi. Kwa hiyo angalau nusu ya mlo wa siku iwe chakula cha paka cha dukani, hata kile cha kawaida cha watu wazima, kilichotiwa maji ya uvuguvugu hadi kilainike. Kile cha kupimwa kutoka gunia lililo wazi kinuse kwanza: harufu ya mafuta ya zamani ikikupiga, paka mwenye kichefuchefu hatakigusa.

Mpe kidogokidogo, mara tano au sita. Kipashe joto kidogo, harufu ndiyo inayomwita. Bakuli liwe bapa. Usimkamate ukamsukumia chakula kwa bomba akiwa bado ana kichefuchefu, atakichukia chakula hicho moja kwa moja. Maji yawe kwenye mabakuli matatu, sehemu tofauti, mapana, mbali na mchanga wake. Usimfungie maji ati anakojoa sana. Anakunywa kwa sababu figo haziwezi kuyabana.

Maziwa yatamharisha na yana fosforasi nyingi. Madafu yamejaa potasiamu, na ya kwake haijapimwa. Viache vyote viwili.

---

Duka_la_Dawa_Ngamiani

Kuhusu dawa za watu, kwa sababu huko ndiko paka wengi wa hapa kwetu wanakofia.

Parasetamoli, yaani hiyo Panadol: ini la paka halina uwezo wa kuivunja. Damu hushindwa kubeba hewa, fizi hugeuka kahawia au bluu, uso na nyayo huvimba, anahema kwa shida. Robo ya kidonge cha miligramu 500 ni miligramu 125, na kwa kilo 3.4 hiyo tayari ni sumu. Yeyote anayeuza dawa na kukushauri hivyo amekosea, mwambie. Ibuprofeni na diklofenaki hukata damu inayoingia figoni, kwa paka wako ni kama kumalizia kazi. Unga wa viroboto wa mbwa wenye permethrini usiingie chumbani alimo.

Vidonge vya kutafuna vya tumbo hutajwa sana kwa kushika fosforasi. Kinachoshika ni haidroksidi ya alumini. Vingi madukani vimechanganywa na magnesiamu, ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Kama lebo ina magnesiamu, acha.

Choo kikiwa kigumu, jambo la kawaida kwa paka aliyekauka, tumia sharubati ya laktulosi: mililita 1.5 mara mbili kwa siku kwa uzito wake, upunguze choo kikilainika. Usimmiminie mafuta ya kula kwa nguvu mdomoni, yakipotea njia yanakwenda mapafuni. Na ile dawa ya watu ya kusafisha haja kubwa kwa nyuma yenye fosfeti inaua paka.

Kidonge chochote kifuate na mililita 3 hadi 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, kwa pembeni ya shavu. Kidonge kikavu hukwama kooni na kuchoma, na doksisaiklini ndiyo mbaya kuliko zote kwa hilo.

---

Bi_Chumbageni, Tanga

Mungu awabariki wote. Leo daktari amenielekeza dripu, nimeshika mwenyewe, ameandika mililita 100 mara tatu kwa wiki na ondansetroni. Maswali mawili: dripu ilikuwa inatembea vizuri, ikifika kama mililita 60 inakwama ingawa sindano iko sawa. Na uzito nimpime vipi, mizani ya kusimama mtu inaonyesha namba tofauti kila nikimbeba?

---

Sindano_ya_Kijani

Hiyo ni chupa, si sindano. Chupa za plastiki ngumu hazisinyai maji yakitoka, ndani kunakuwa na mvuto unaoyazuia. Angalia chini ya kichomeo cha mpira wako: yenye mlango wa hewa ina kifuniko kidogo pembeni, kifungue. Kama mpira hauna mlango huo, chomeka sindano mpya kwenye kizibo cha chupa kando ya kichomeo, ipitishe hewa, na uitoe ukimaliza. Njia nyingine ni kuvuta maji kwa bomba la mililita 50, mara mbili, ukasukuma taratibu kwa sindano yenye mpira mfupi wa vipepeo. Vipimo vinatoka kamili, ila kila ukichoma kizibo unafungua njia ya vijidudu, hivyo kipanguse kwa spiriti na usubiri kikauke.

Uzito: mizani ya jikoni ya kidijitali ya kilo 5 au 10, beseni juu, rudisha namba iwe sifuri, muweke ndani. Mizani ya kubeba mtu hukosea kwa gramu mia mbili bila shida, na hizo ndizo unazozitafuta. Pima Ijumaa moja hadi nyingine, saa ileile, kabla ya dripu, kwa sababu mililita 100 ni gramu 100. Akishuka chini ya kilo 3.23 amepoteza asilimia tano, usisubiri mwisho wa mwezi.

---

Daktari_wa_Zamu

Nyongeza kwa daftari lako la uzito: weka safu ya pumzi, ya chakula alichomaliza na ya kutapika. Damu irudiwe baada ya wiki nne, kreatinini, fosforasi, potasiamu na kalisi tu. Akianza kuinamisha shingo asiweze kuiinua, hiyo kwa kawaida ni potasiamu imeshuka. Ipo dawa ya kumeza, daktari atakuandikia, ila potasiamu ya kwenye kichupa isiingizwe kwenye dripu nyumbani kwa hali yoyote.

Na kata ukingo mmoja wa beseni la mchanga ubaki sentimita tano. Magoti ya miaka 14 hayapandi, ndiyo maana wengine huanza kukojoa sakafuni wakadhaniwa wamepotoka.